Mshale wa Kwenda kwa Mzee Adriano

Mimi Octavian huandika programu za simu hapa Tabora mjini, na kama hujawahi kunisikia, hujapungukiwa na kitu. Kazi yangu iliyofika mbali kuliko zote ni ile iliyopeleka posa yangu kwa watu nisiowajua.

Nilimtaka Advera, mwalimu wa hesabu, binti pekee wa mzee Adriano wa Itetemia, hapa hapa Tabora. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Ngassa, mkazi wa Ziba, mgeni kabisa wa Tabora. Muoaji haambatani na posa yake, kwa hiyo mtu mwenye akili angemtafutia mwenyeji wa kumwongoza. Mimi nilimtengenezea programu yenye mshale.

"Baba, usiulize mtu njia," nilimwagiza kwenye simu. "Utaniaibisha. Fuata mshale tu."

"Hata ukinipeleka porini?"

"Hauwezi."

Kila mahali kwenye ramani pana namba zake mbili. Ile inayoonyesha Itetemia iko mashariki kiasi gani ni thelathini na mbili nukta nane na ushee. Desimali zile ziliniudhi, zilichafua kioo cha simu, nikaiamuru programu igeuze kila namba kuwa namba kamili. Nilidhani itakadiria. Kumbe lugha ninayoandikia haikadirii, inakata. Hata ingekuwa nukta tisa tisa, ingebaki thelathini na mbili. Na ile nukta nane niliyoiona uchafu, ardhini ni karibu kilomita tisini.

Jumamosi gari la baba mdogo likaingia Tabora, likatoka, likashika njia ya magharibi, ile ile ya misafara ya zamani ya kwenda Ujiji. Wapagazi wale walau walijua wanakokwenda.

Alasiri akanipigia. "Mwanangu, wamekubali!"

Nikaruka juu.

"Ila wanauliza, unamtaka mkubwa au mdogo?"

Mshenga hamtaji binti kwa jina anapoanza maneno yake. Baba mdogo alisema ameona ua zuri kwenye bustani ile, na mwenye bustani, mkulima wa tumbaku huko karibu na Urambo, alikuwa na maua mawili na alikwisha kumchinjia mbuzi.

Itetemia wali ulipoa, mzee Adriano akafunga mlango. Nilishikwa na hofu ya kweli, maana Advera hakupokea simu yangu. Kesho yake nikaenda mwenyewe, desturi au si desturi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikamweleza habari ya desimali. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kinachozidi wewe unakitupa," alisema. "Na binti yangu akikuzidi?"

Akasema mshenga aje Jumamosi ijayo, kwa miguu kutoka stendi, bila simu, akiuliza njia nyumba kwa nyumba.

Baba mdogo akauliza, na kila alipouliza alieleza kwa nini anauliza. Itetemia nzima ilinicheka kabla hajafika mlangoni. Mimi nilikuwa chumbani, nimeduwaa mbele ya simu, mpaka ilipolia kwa namba nisiyoijua.

"Wamekubali, mwanangu."

"Akina nani, baba?"

Sauti nyingine ikaingia.

"Ni mimi," alisema Advera. "Mzima, na desimali zangu zote."

Nililia, mwanamume mzima.