Taya la Msemaji

Kama kuna kitu kilichomchosha Nyaguthii mwaka ule wa themanini na sita, halikuwa duka lake la mtaani Huruma wala wateja wake wenye maneno mengi. Lilikuwa taya la mumewe.

Macharia alikuwa mtu wa kuongea. Wagikuyu wa Eldoret waliokuwa na kijana wa kuoa walimfuata yeye aende kuwasemea kwa wakwe, kwa sababu maneno yalimtoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Usiku, mdomo huohuo ulisaga. Alisaga meno usingizini mpaka mkewe akadhani panya wameingia darini. Asubuhi aliamka ameshika shavu, taya linauma, sikio linauma, kichwa kinauma, na lawama zote akalitupia jino. Akaenda kwa mng'oaji wa mtaani, jino likang'olewa. Maumivu yakabaki. Akang'olewa la pili, na maumivu yakazidi kukaa, kama mgeni asiyejua kuaga.

Halafu Jumapili moja, mahubiri yakiwa marefu, Macharia akapiga mwayo, na mdomo ukakataa kufungika. Alitolewa kanisani akiwa ameachama mbele ya kwaya nzima. Daktari wa meno, bwana mmoja mpole aitwaye Okello, alilirudisha taya mahali pake, kisha akamkalisha kitako.

"Mzee, yale meno walikung'oa hayakuwa na makosa. Shida iko kwa joint, hapa mbele ya sikio. Unasaga sana usiku mpaka imelegea."

Alimtengenezea kifaa cha plastiki kilichokaa sawasawa juu ya meno, akivae kila usiku ili taya lipumzike. Akamkataza kuachama sana, na akamkataza mifupa na nyama ngumu. Mwisho akamgeukia Nyaguthii, maana alikwisha kuona ni nani kati yao angemsikiliza.

"Mama, ikitoka tena mkiwa mbali na hospitali, funga vidole gumba na kitambaa. Weka kwa magego ya chini. Sukuma chini kwanza, halafu nyuma. Polepole, na usiogope."

Je, Macharia alikivaa kifaa hicho? Thubutu! Kilikaa kwenye kikombe karibu na kitanda kikimkodolea macho Nyaguthii kila alipotandika.

"Baba Wanja, si uvae hiyo kitu?"

"Mimi si mkongwe wa kuvaa meno ya plastiki. Nikivaa hiyo nitaanza kuota kwa Kizungu."

Angeweza kumwacha asage mpaka ajichokee mwenyewe, lakini mwaka ule mdomo wa Macharia haukuwa wa Macharia peke yake. Gichuru, ndugu yake mdogo Nyaguthii, alitaka kumwoa Nduta, binti wa Mzee Gathogo, mkulima wa Turbo, na Macharia ndiye angemsemea. Alikuwa amekwisha kukataliwa mara moja, kwingine. Watu wa nyumba ile ya kwanza walisema hawawezi kumpa binti yao kijana asiye na baba wa kusimama mbele ya wazee. "Hawa nao wakikataa, dada," Gichuru alimwambia, "mimi sitaomba tena kwa mtu." Nyaguthii alimjua ndugu yake. Aliposema hivyo, hakuwa anatisha.

Kwa hiyo alimsihi mumewe. Awaambie wakwe mapema kwamba ni mgonjwa, wamkatie vipande vidogo.

"Niende kwa wenyewe niitishe uji kama mtoto?" Macharia alisema. "Mzee asiyekula nyama ya watu amewadharau. Wacha kuniletea aibu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nyaguthii alibana midomo na kufunga virago.

Kwa Mzee Gathogo wanaume walikaa sebuleni, chini ya picha ya Rais, na wanawake wakabaki upande wa jikoni, mlango ukiwa wazi. Desturi ilikuwa wazi pia. Msemaji wa wageni hupewa ubavu wa mbuzi mkononi, naye huung'ata kwanza ndipo mwenye nyumba ataje mahari anayotaka. Macharia alipewa ubavu mnene, wa heshima. Kutoka jikoni, Nyaguthii alimwona akiachama mpaka mwisho wa uwezo wake, kama mtu aliyelipwa ili amuudhi.

Mzee Gathogo akaanza kutaja mbuzi. Macharia akashusha ubavu, lakini mdomo ukabaki wazi.

Mzee alisita. "Nimetaja wengi?"

"Aaah," alisema Macharia.

Wazee wakanong'onezana. Kwa heshima ya mgeni, Gathogo akapunguza kidogo. Mdomo bado ulikuwa wazi, na macho yametoka. Uso wa mwenye nyumba ukabadilika.

"Nimepunguza, na bado unaniachamia kwa nyumba yangu? Kama binti yetu hatoshi, semeni mwende."

Gichuru alitazama sakafu. Nyaguthii alimwona shingo ikilegea, na moyo wake ukapasuka kwa hasira na huruma kwa pamoja. Akasimama. Shangazi mmoja akamshika leso.

"Mama, huko ni kwa wazee."

"Wacha nipite."

Alipita katikati yao, akafunga vidole gumba kwa kitambaa, akavitia kinywani mwa mumewe mbele ya watu wote. Akasukuma chini, halafu nyuma. Ukatoka mlio ambao hata wa jikoni waliusikia. Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akamfunga Macharia kidevu mpaka utosini.

"Wazee, nisameheni. Huyu hakuwa anawacheka. Ni mgonjwa wa taya, na ni mgonjwa wa kiburi, na hiyo ya pili daktari hana dawa yake."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Gathogo hakucheka.

"Sasa ni nani atawasemea?"

Macharia akainua mkono.

"Wewe umesema miaka yote," Nyaguthii alimwambia. "Leo nyamaza upone."

Akawageukia wazee.

"Mimi sina methali. Mama yetu alikufa akamwacha huyu kijana hajaota jino hata moja. Nilikuwa natafuna viazi kwa mdomo wangu halafu namtilia kwa wake. Nilikuwa msichana mdogo, sikujua kitu kingine cha kufanya. Mnatafuta baba yake asimame hapa. Hayuko. Niko mimi."

Alitaka kuongeza, machozi yakamtangulia. Alijichukia kwa kulia mbele ya watu aliokuja kuwaomba.

Mzee Gathogo alimtazama Gichuru, aliyekuwa amejifunika uso kwa mikono, mtu mzima mwenye ndevu. Kisha akaita jikoni kwa sauti.

"Mleteeni Mama kiti. Tunaendelea na yeye."

Kabla kiti hakijafika, Macharia, kidevu kimefungwa, alisogea mpaka mwisho wa benchi na kumwachia mkewe nafasi ya msemaji.