Mabegi Mia Mbili kwa Siku Kumi

Shemeji yangu alikuwa hajui kukataa. Nasema hivyo nikiwa na ushahidi, maana nimekaa nyumbani kwake miaka saba na nimemtuma kila kitu. Mwambie paa linavuja, atajibu "Ndiyo," na ukigeuka unamkuta ameshabeba ngazi, mtu wa mguu mmoja. Mwishowe dada yangu, mkewe, aliificha ngazi hiyo uvunguni mwa kitanda changu, nikawa nalala juu yake kama mlinzi.

Mtaa mzima unamwita Sajini, ingawa jeshi aliliacha siku alipokanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti, mkono wa kulia ukabaki na vidole vitatu. Zaidi ya hapo hakuwa akisimulia, na sisi tulishachoka kuuliza.

Yalipotangazwa mafunzo ya ujasiriamali kwa wanajeshi wastaafu wenye ulemavu, alijiandikisha wa kwanza. Yalikuwa ya miezi mitatu, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja iliyokuwa ikilalamika kutwa. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo waliniomba nikafundishe ushonaji. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, kila mmoja akijichagulia fani yake. Walifika robo saa kabla ya muda, wakapanga viti kwa mstari ulionyooka kama rula, wakanisubiri kimya. Walinikera siku ya kwanza tu, kwa sababu mimi ndiye niliyechelewa.

Sajini alichagua kushona mabegi ya turubai. Cherehani zetu zilikuwa za kukanyaga, na mguu wake wa bandia ulikuwa unateleza kwenye pedali. Akauvua, akaukalisha kwenye kiti cha pembeni kama mgeni, akakanyaga kwa mguu mmoja. Wiki ya kwanza uzi ulikatika mpaka nikahisi unamfanyia makusudi. Wiki ya tano aliniletea begi, akasema, "Haya, shemeji, kagua." Nilivuta mkanda kwa nguvu zangu zote na haukufumuka. Nilitafuta kasoro nikaikosa, jambo ambalo si kawaida yangu.

Shida yao ilionekana kwenye somo la biashara. Mwalimu wa somo hilo, mama mfupi mwenye sauti kubwa, siku moja alijifanya mteja. Akamwendea seremala mwenye jicho moja.

"Nataka meza hamsini kesho asubuhi!"

"Ndiyo, mama!" Seremala alishasimama wima.

Akamgeukia mfuga kuku, kisha fundi viatu. Wote ndiyo, wote wima. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

"Jamani, mimi ni mteja, si kamanda. Siwaamrishi, nawaomba. Na mtu anayeomba, mnaweza kumwambia hapana."

Walimtazama ungedhani amewatukana.

Wiki ya mwisho alikuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama wa haraka haraka. Alikuwa anatafuta fundi wa kumshonea mabegi ya wanafunzi, si mara hiyo tu, bali mwaka mzima. Kwa Sajini hiyo ilikuwa kufa na kupona, maana bila mteja wa kudumu, cherehani aliyopewa kwenye mafunzo ingegeuka pambo la sebuleni. Mama yule alilivuta begi, akaligeuza nje ndani, akaridhika.

"Shule inafunguliwa baada ya siku kumi. Mabegi mia mbili, utaweza?"

"Ndiyo, mama!"

Nilimkanyaga chini ya meza anyamaze. Kwa bahati mbaya niliukanyaga mguu wa bandia.

Nyumbani, dada alimuuliza anashona mangapi kwa siku. Akajibu ni sita, tena akijikaza.

"Basi ni sitini. Haya mengine mia na arobaini yatatoka wapi?"

Wenzake kila mmoja alikuwa na fani yake, na mimi nilikuwa na sare za watu zimejaa mezani. Sajini alikaa akijisugua goti.

"Siku ya lile bomu, kamanda aliniuliza kama naweza kukikagua kile kipande cha barabara peke yangu, kabla ya saa sita," alisema. "Ilikuwa kazi ya watu wanne, kutwa nzima. Nikajibu ndiyo, afande."

Dada akaacha kukunja nguo.

"Nilijua siwezi," akasema. "Nilijua kabisa."

Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja.

Asubuhi alipiga pasi shati lake mwenyewe, tukaenda naye shuleni. Alisimama mbele ya mwalimu mkuu, mikono imebana mapajani.

"Mama, jana nilikujibu ndiyo, na haikuwa kweli. Mia mbili siwezi. Naweza sitini, na yatakuwa hapa siku ya kumi."

"Kuna fundi mwingine ameniahidi yote."

"Basi mpe yeye yaliyobaki. Sitini niachie mimi."

Mama yule alimtazama, akautazama mguu, akarudi kumtazama usoni.

"Lete sitini. Nikihesabu hamsini na tisa, tusijuane."

Siku kumi zile cherehani haikupoa. Mguu wake uliobaki ulivimba, akawa anauloweka kwenye beseni la maji ya chumvi na kurudi kukanyaga. Dada alikata nyuzi. Mimi nilikagua mishono, na begi moja nililolikataa alilifumua lote akaanza upya bila kununa.

Siku ya kumi, saa mbili asubuhi, tulishusha mabegi sitini ofisini. Ya fundi yule mwingine hayakuwa yamefika hata moja. Mwalimu mkuu alihesabu mwenyewe, mara mbili.

"Mwezi ujao, mia mbili?"

Sajini alitazama dari. Vidole vyake vitatu vilikuwa vikihesabu kwenye mshono wa suruali.

"Hapana, mama. Mia na hamsini. Jumapili napumzisha mguu."

"Mia na hamsini," alisema mwalimu mkuu, akaandika.

Tukiwa tunateremka ngazi za ofisi nilishindwa kujizuia.

"Shemeji, na mimi nishonee begi. Nalitaka kesho."

"Hapana," alijibu bila kugeuka. "Njoo baada ya wiki tatu."

Nilimwita mchoyo na mengine nisiyoweza kuyaandika, huku nafuta machozi kwa ncha ya kanga. Tulipofika nyumbani nilimsimulia dada kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani kwangu, akaivuta ile ngazi kutoka uvunguni, akaenda kuisimamisha ukutani mahali pake.