Sahani Iliyorudi Jikoni

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka bado natazama chini, ingawa niliyemkosea alishanisamehe na ameshatangulia mbele za haki. Nilikuwa kijana kama wewe, nimelala kitandani na mguu uliovunjika kama wako, na mbele yangu pana sahani ya ugali na samaki. Nikala matonge mawili, nikaifunika. Nakusimulia haya kwa sababu tangu bodaboda ikuangushe nakuona na wewe unafunika sahani za mama yako mdogo anayekuuguza, eti chai na andazi vinakutosha, eti huwezi kula vya watu huku umelala tu.

Mimi nilikuwa mpakiaji wa mizigo pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Nilipanda juu ya lori lenye magunia ya dagaa, nikateleza, mguu ukavunjika chini ya goti. Hospitali wakaunyoosha, wakanifunga hogo, ile plasta ngumu, wakaniambia nikapumzike nyumbani na nile vizuri. Sasa nyumbani wapi? Wazazi wangu walikuwa Sengerema, ng'ambo ya kivuko cha Kamanga. Chumba nilichopanga na mke wangu Kabula kilikuwa juu mlimani kwenye mawe, hata mtu mzima wa afya anafika akihema. Mama yake Kabula akasema niletwe kwake Mkuyuni. Ndivyo nilivyokwenda kuuguzwa ukweni.

Cheka tu, najua unacheka. Wewe umezaliwa mjini. Sisi Wasukuma tulivyolelewa, mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, na kula mbele yake ndiyo aibu ya mwisho kabisa. Yule mama alilijua hilo na akalipangia utaratibu mzuri. Alipika, Kabula akaniletea chumbani, yeye akabaki jikoni upande wa pili wa ukuta. Hata salamu zilipita ukutani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umeamkaje?"

Basi, yakaishia hapo.

Lakini mimi nikazidisha. Nilijiona mzigo, mwanaume mwenye nguvu zake kulala kwa mama mkwe akisubiri kuletewa. Nikiona sato mzima kwenye sahani nawaza, nikimmaliza huyu wataniona mlafi. Nikawa nadonoa na kurudisha. Maziwa nililowesha midomo tu. Tumbo likiunguruma nilikohoa kwa nguvu ili asisikie kule jikoni. Wageni wakija na soda na biskuti, hizo nilizifakamia, maana hazikutoka kwenye chungu chake. Na nilijisifu, mwanangu! Nilijiona ndiye mkwe mwenye adabu kuliko wakwe wote wa Mkuyuni.

Siku ya kliniki ikafika. Daktari akaitazama picha, akasema kwa muda uliopita mfupa ulitakiwa uwe umeanza kushika, lakini bado. Tukiendelea hivyo huenda nikapasuliwa, au nikabaki na mguu usioweza kubeba mzigo. Kwa mtu anayekula kwa mabega yake hilo lilinitisha kweli. Akaniuliza nakula nini. Nikamjibu nakula vizuri.

Kabula alikuwa amenishikia magongo. Uvumilivu ukamwishia.

"Hali, daktari. Mama anapika, yeye anarudisha."

Daktari akanitazama. "Hogo linauzuia mfupa usicheze, basi. Kuunga unaunga mwili wenyewe, na unaunga kwa hicho unachorudisha jikoni."

Njiani Kabula akalia. Ndipo akaniambia alichokuwa amekificha. Majirani walikuwa wanaziona sahani zikirudi zimejaa, na sasa wananong'ona kwamba mkwe anaogopa chakula cha yule mama, lazima kuna jambo analijua. Jirani aliyezoea kuja kuomba chumvi alikuwa hapiti tena. Na wewe unajua, mwanangu, maneno ya uchawi ya namna hiyo yakimwangukia mama mzee huku kwetu yanaweza kumfikisha wapi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilidhani namheshimu, kumbe nilikuwa nampaka matope mbele ya mtaa mzima, na yeye alikuwa anajua na hakunisema hata mara moja.

Jioni ile Kabula hakuleta chakula. Mlango ulifunguka akaingia mama mkwe mwenyewe. Niligeukia ukutani haraka hadi mguu ukaniuma. Nikasikia stuli inaburutwa, akakaa. Kisha nikasikia anakata tonge, anatafuna taratibu, anameza. Mama mkwe wangu alikuwa anakula mbele yangu, kwenye sahani yangu.

"Nimeonja," akasema. "Kama kuna kitu humu, tufe wote."

"Hapana mama, si hivyo. Ni aibu tu."

"Ulikatazwa kula mbele yangu, baba. Kula chakula changu nani alikukataza? Mimi aibu yangu leo nimeiweka kando, nimeingia humu. Wewe ona aibu, lakini kula."

Akaondoka. Nilikula ule ugali na dagaa wake huku machozi yanadondokea kwenye mchuzi. Kule jikoni palikuwa kimya, nikajua anasikiliza. Nikachukua kijiko nikaikwangua sahani hadi ikapiga kelele, ili asikie.

Kesho yake nikamwomba Kabula anitoe nje, anikalishe mbele ya nyumba. Nikala pale mchana kweupe, kila anayepita aone ninavyolamba vidole. Nilifanya hivyo hadi nilipoacha magongo. Jirani akarudi kuomba chumvi. Mfupa nao ukaunga, ila kwa kuchelewa sana, na huku kuchechemea kwangu mnakokucheka ndiko nilikobaki nako.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kula. Dagaa uwale na vichwa vyao, kula maharage, mayai, kunywa maziwa, usiruke mchicha wala papai. Supu ya kongoro wanayokusifia wenzako ni nzuri, inywe, lakini usidhani kwato pekee zitakuungia mguu. Sigara ninazozinusa kwenye shuka lako ziache, zinachelewesha mfupa. Daktari akikwambia usikanyage, usikanyage. Na ukiletewa chakula na mtu anayekupenda, usimpe kazi ya kujiuliza amekukosea nini. Ona haya ukipenda, nami nayaona hadi leo, ila yaone ukiwa umeshiba.

Mungu akuungie mfupa huo unyooke kuliko wangu. Akupe miguu ya kupanda milima yote ya Mwanza hii, na siku moja akujalie na wewe mtu wa kumpelekea sahani.

Sasa vuta hiyo hapo. Nimezungumza hadi ugali umepoa, na mama yako mdogo bado amesimama nyuma ya mlango, anasikiliza.