Neno ‘Hayupo’ Linavyomtetemesha Yorladis

Saa nane mchana mvua inapiga mabati ya ukumbi wa michezo wa shule hadi watu wanasemezana kwa kupaza sauti. King'ora cha maporomoko kililia saa moja iliyopita. Kutoka mtaa wa La Cuchilla, uliojibanza juu kwenye mteremko, watu wanashuka na magodoro, kuku na watoto.

Mlangoni ameketi Yorladis Bedoya, miaka 34, kompyuta mpakato juu ya meza ya plastiki. Kila anayeingia anataja namba ya kitambulisho chake, naye anaiandika.

"Naogopa," anasema bila kuinua macho. "Mvua ikinyesha tu, naogopa. Sioni aibu kusema."

Programu anayoitumia, ya ofisi ya maafa ya mji, aliiandika yeye. Analipwa peso milioni mbili na laki sita kwa mwezi, kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na karibu nusu inaishia kwenye kodi ya nyumba. Kazi yenyewe ukiisikia utadhani ni ya kitoto: kutunza namba za walioshuka, kisha kujibu swali moja la waokoaji. Fulani yupo ukumbini, au hayupo? Akiwa hayupo, watu wanapanda kumtafuta kwenye udongo ambao bado unatembea.

Orodha inakaa kwa mpangilio, namba ndogo mbele, kubwa nyuma. Mtu mpya hatupwi mkiani. Anatafutiwa nafasi yake, na wote wa nyuma wanasogea hatua moja, kama waumini kwenye benchi la kanisa akiingia aliyechelewa. Benchi likijaa, kompyuta inatafuta refu zaidi na kuwahamishia wote huko.

"Usumbufu wote huo ni kwa ajili ya kutafuta," anaeleza. "Orodha ikiwa imepangika, nafungua katikati. Namba ninayoitaka ni ndogo kuliko ya pale? Basi nusu ya nyuma naitupa yote, naenda katikati ya iliyobaki. Watu mia tisa, natazama mara kumi tu."

Nusu inatupwa bila kutazamwa, na hapo ndipo balaa lilipoingilia Aprili ya mwaka jana.

Siku ile Bi Otilia Marulanda, miaka 71, alishuka mapema, akaandikishwa, akapewa godoro. Baadaye jirani yake akamuulizia. Waokoaji wakaitafuta namba yake, skrini ikajibu: hayupo. Gildardo Henao, zimamoto wa kujitolea, akapanda kumfuata nyumbani kwake. Mteremko ukaporomoka mara ya pili, ukamfukia hadi kiunoni. Mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Kumbe wakati huo Bi Otilia alikuwa ukumbini, anakunywa maji moto ya sukari guru.

Yorladis alikaa siku nne bila kula vizuri mpaka akaliona kosa. Vijana wa nchi hii wana namba za tarakimu kumi, zinazoanza na moja. Kina mama wa rika la Bi Otilia wana tarakimu nane, na yake inaanza na mbili. Sehemu ya programu inayoingiza watu ilizisoma namba kama maneno, ikilinganisha tarakimu ya kwanza kabla ya nyingine. Kwa kuwa moja hutangulia mbili, vijana wote wakakaa mbele na kina mama wakakaa nyuma. Sehemu inayotafuta ilisoma ukubwa wa namba. Ilifungua katikati ikakuta ya kijana, zaidi ya bilioni moja. Ya Bi Otilia ni milioni ishirini na nne, ndogo, kwa hiyo nusu ya nyuma ikatupwa naye akiwa humo humo.

"Niliijaribu mara mia kabla ya mvua," anasema. "Na namba za nani? Za wenzangu wa ofisini, vijana watupu. Kila mmoja alipatikana. Sikumwita hata bibi mmoja."

Marekebisho yalikuwa mistari miwili, na hilo ndilo linalomuuma kuliko yote.

Leo Gildardo, miaka 58, ameketi kando yake na redio ya upepo mkononi. Aliomba mwenyewe akae hapo.

"Nikae karibu na aliyenipunguza mguu, nimwone vizuri," anasema, akimsogezea arepa, mkate wa mahindi. "Kula, mwanangu. Ukizimia nani atabonyeza hicho kidude?"

"Mzee, usinichekeshe leo."

"Nani anakuchekesha? Njaa ninayo mimi, ila nakupa wewe."

Saa tisa mwanamke anaingia mbio akimuulizia Evelio Arcila, miaka 78, wa nyumba ya mwisho juu kabisa. Yorladis anaandika namba ya mzee huyo, tarakimu saba. Hayupo. Anaandika tena. Hayupo.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Yorladis anaifungua orodha na kuipitia kwa macho, namba zote 412, ya kwanza hadi ya mwisho. Kisha anainuka, anapita katikati ya magodoro akiliita jina la mzee. Hakuna anayeitika.

Akirudi mlangoni anamkuta Dayana, zimamoto wa miaka 26, kofia kichwani na kamba begani. Ni binti wa Gildardo.

"Dada Yorla, nipande au nisipande?"

Yorladis anamtazama baba wa binti. "Hayupo," anasema. "Nimemtafuta na kwa macho yangu."

"Nimekuuliza, nipande?"

"Panda."

Dakika arobaini zinapita. Mara mbili mlima unanguruma. Gildardo ameishika redio kwa mikono miwili. Yorladis anakiri kwamba muda wote huo alikuwa akimwomba Mungu programu iwe imekosea tena, mzee awe chooni anajisaidia.

Saa kumi kasorobo redio inakoroma. Ni sauti ya Dayana: "Nimempata. Mlango ulimwangukia. Mzima, ila anagoma kushuka bila jogoo wake."

Evelio anaingia akiwa amebebwa mgongoni na Dayana, matope mpaka kwenye nyusi, jogoo kwapani. Namba yake inaingizwa, wa nyuma wanasogea. Yorladis anaitafuta. Yupo.

Gildardo anajifuta uso. "Sasa nitafutie na mwanangu," anasema.

Yorladis anaandika namba ya Dayana. Hayupo. Asingekuwepo, maana wanaopanda hawajawahi kuandikwa.

"Kwa hiyo dakika arobaini nzima," Gildardo anasema polepole, "hiyo mashine yako haikujua kama kuna mtu kule juu."

Yorladis anafungua orodha ya pili, mpya, ya wanaopanda. Kila mwokoaji ataingizwa akitoka mlangoni, na akirudi ataondolewa. Jumapili ya kwanza isiyo na mvua anataka kuwaita wazee wote wa La Cuchilla na vitambulisho vyao, awajaribu mmoja mmoja.

Redio inakoroma tena: nyumba nyingine, watu wawili. Dayana anaokota kamba.

"Namba yako kwanza," Yorladis anamwambia, na anaiingiza, peke yake kwenye orodha.

"Ile nyingine ikue itakavyo," anasema, akimtazama binti akipotea kwenye mvua. "Hii nataka kila jioni niifungue niikute tupu."