Usingizi wa Shangazi Suzhen

Pale kwa bosi Kuang tulikuwa tunatengeneza maboksi ya kuzungushia saa. Kuna saa hazina betri na wala huzitii ufunguo, zinajijaza zenyewe mkono unavyokwenda na kurudi ukitembea. Ukiivua ukaitupa kabatini, inasimama. Basi mwenye saa zake nyingi ananunua boksi, anaivisha saa kwenye kimto, boksi linamzungushia taratibu yeye akiwa kwenye mambo yake. Sisi wenyewe hakuna aliyekuwa na saa ya hivyo. Saa tulitazama kwenye simu.

Maboksi yetu yalikuwa ya bei nafuu na bosi hakuficha. Alisema ukitaka boksi la mfalme, nenda mtaa wa pili. Mota ya ghali hutaweka kwenye boksi rahisi, kwa hiyo kazi inabaki kuchagua, kati ya mota rahisi, zile zisizo na tabia mbaya. Mengine yote ni mepesi kukagua. Unapitisha dira juu ya boksi, mshale ukiruka ujue mota haijafunikwa vizuri, itaiharibu saa kwa sumaku. Unabonyeza kimto uone kama kinarudi. Unatazama kama linazunguka kulia, linapumzika, halafu linakwenda kushoto. Hata mimi niliyeacha shule kidato cha pili nilijua siku ya kwanza.

Ugumu ulikuwa sauti. Watu wanaliweka boksi chumba cha kulala, na malalamiko mtandaoni yalikuwa hayo hayo: linaniamsha. Bosi akanunua kipimo cha sauti, kikamdanganya. Namba inatoka ndogo na bado mteja analalamika. Kumbe si ukubwa wa sauti. Boksi likishapumzika, linapoanza tena ndipo gia zinakwaruza, kitu kidogo tu, kama panya anayekuna mlango. Kipimo hakijali. Mtu aliyelala anajali.

Sasa huku Dongguan, mji wa viwanda, ukishakula mchana unalala. Taa zinazimwa, mapazia yanashushwa, kila mtu analaza kichwa kwenye meza yake ya kazi. Ghorofa nzima inanyamaza, unasikia mtu wa chini anaosha masufuria ya tambi. Bosi Kuang akasema huo ndio usiku tulio nao, tuutumie. Kila mtu akawekewa boksi karibu na sikio, linazunguka. Likikuamsha unalibandika kibandiko chekundu. Ukilala mpaka taa ziwake, kijani. Fundi Pang, mtu wa mota, alisema ametembea viwanda vingi ila hiki ndicho cha kwanza kumlipa kwa kukoroma.

Wa kuaminika kuliko wote alikuwa shangazi Suzhen. Si shangazi yangu wa damu, ila kwetu mwanamke wa umri ule utamwitaje. Alitoka mkoa wa Guangxi kama mimi, upande wa Yizhou, kwenye viwavi vya hariri. Kabla ya kuja mjini alifuga viwavi yeye na mumewe miaka mingi. Aliwahi kuniambia viwavi vikila majani ya mforosadi vinalia kama mvua juu ya bati, na ukilala jirani navyo lazima sikio libaki wazi, maana ile mvua ikikatika majani yamekwisha, uamke ukavilishe. Usingizi wake ukawa mwembamba kama karatasi. Boksi lililompita Suzhen likapata kijani, hakuna mteja aliyelirudisha. Sisi wengine tulikagua moja moja kwa kubahatisha, yeye aliwekewa na bosi yale ya kuamulia fungu zima. Chumba alipewa hapo hapo nyuma ya stoo, kitanda na jiko la umeme.

Mwezi wa nne mumewe akafa. Mume alikuwa amebaki kule na viwavi. Moyo ulisimama, jirani ndiye aliyemkuta. Shangazi akaenda, akazika, akarudi na kitambaa cheusi kimeshikizwa kwenye mkono wa shati. Tukampa pole. Akasema asante, tumeshazika. Mchana akala wali wake akaumaliza, akaosha bakuli. Hatukumwona akilia, na sisi hatukujua tufanye nini na mtu asiyelia, basi tukaendelea na kazi.

Nilikuwa mfungashaji na meza yangu ilikuwa jirani na yake. Siku moja mchana nimelala, nikaamshwa na boksi. Si langu. La kwake. Lilikuwa linakwaruza kila linapoanza, linasikika mpaka mezani kwangu. Yeye kichwa kiko chini, hatikisiki. Taa zilipowaka akakaa, akanyoosha shingo, akachukua kibandiko cha kijani akabandika.

Nikadhani ndiyo hivyo, amechoka. Kesho yake vile vile. Wiki ikapita, hakuna chekundu kwake hata kimoja. Nikamfuata alipokuwa anachemsha maji.

"Shangazi, lile boksi lako linakwaruza. Limeniamsha mimi."

"Najua."

"Unajua vipi na ulikuwa umelala?"

"Silali mchana siku hizi. Nafumba macho tu."

"Sasa mbona kijani?"

Akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hauzi. "Nililisikia tangu mwanzo," akasema. "Halikunisumbua."

Nilishajiandaa kusikia kwamba sikio limeziba, au anatumia dawa za usingizi. Nikamwambia basi tupange, likikwaruza nitamgonga kiti kwa mguu, abandike chekundu. Akaniangalia. Akasema, "Meng, utanipiga mateke mpaka lini?" Akamimina maji yake akaenda.

Hapo kulikuwa na jambo ambalo wote tulilijua. Bosi alikuwa na mteja mkubwa, na fungu lililopita, la kwanza tangu shangazi arudi kutoka kuzika, lilikuwa limerudi nusu. Alisema wazi mbele ya watu kwamba hili nalo likirudi, sehemu ya maboksi anaifunga, na wa kwanza kuondoka ni wa ukaguzi. Kwa shangazi kuondoka maana yake ni kurudi Yizhou, kwenye ile nyumba. Aliwahi kumwambia mke wa Pang kwamba ufunguo amemwachia jirani na hataki kuuona tena.

Siku ya kupakia, lori likaja mapema. Maboksi yamepangwa hadi karibu na dari, juu kabisa yale ya shangazi na vijani vyake. Dereva anasonya chini. Bosi Kuang akapanda ngazi anahema, shati limemganda mgongoni, akaja moja kwa moja mezani kwa shangazi. Nadhani na yeye alishaanza kunusa kitu, maana hakuwahi kumuuliza kabla.

"Dada Suzhen, nipe neno moja tu nilale. Ni mazuri?"

Pang akadakia kwamba bosi akilala na yeye awekewe boksi. Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Mimi nilikuwa na gundi ya kufungia mkononi, namwangalia, moyoni nasema sema ndiyo, sema ndiyo tu, mengine tutajua mbele.

"Usiniulize mimi," akasema.

"Nimuulize nani sasa? Kijani ni chako."

"Ni changu. Hata lori lile likipita juu ya meza hii nitabandika kijani. Sauti naisikia, bosi. Ila hainifanyi kitu. Kazi hii mpe mtu inayemfanya kitu."

Cherehani ya vimto ikasimama. Bosi alimtazama mkono wa shati, pale penye kitambaa, halafu akatazama maboksi yote yale. Nilitegemea apige kelele. Akainama dirishani akamwambia dereva arudi kesho. Dereva akatukana mpaka mtaani wakageuka, akaondoka.

Mchana ule maboksi yote ya juu yaligawiwa kwetu, na ya chini yakafunguliwa machache machache. Taa zikazimwa. Hakuna aliyelala vizuri. Huku linakwaruza, kule linakwaruza, mtu anainua kichwa, anabandika, anainama. Taa zilipowaka vyekundu vilikuwa vingi kuliko vijani. Pang akafungua mota moja, akakuta grisi imekaa upande mmoja tu wa gia, akaanza kuipaka upya mwenyewe, maana ile ilikuwa kazi yake. Kazi ya kurudia ikatuchukua hadi mwisho wa wiki, na mteja akakubali kungoja, kwa kununa.

Bosi alimwita shangazi stoo. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa nabeba makaratasi. Alimuuliza, bila ukali, sasa amweke wapi.

"Popote," akasema. "Usinirudishe nyumbani tu."

Bosi akakuna kichwa. Akamwambia akae kwenye vimto, wa kushona alikuwa anahitaji mtu wa kujaza sufi. Chumba abaki nacho. Shangazi akasema sawa, vile vile alivyosema asante siku ile ya pole. Boksi lake nikapewa mimi, kwa sababu nilijulikana situlii hata nikilala.

Kesho yake mchana alilaza kichwa kwenye meza ya vimto, hana boksi. Mimi nilikuwa na langu, na halikuchelewa, likaanza kukwaruza. Nikainua kichwa. Yeye amefumba macho, vipande vya sufi vimemshika nywele. Sikujua kama amelala. Nikabandika chekundu, nikakaa macho nikingoja taa.