Chupa Iliyokataliwa Dirishani

Mume wa Fundi alipofariki kwa saratani aliacha chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, imejaa zaidi ya nusu. Fundi, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita kwa kushona sare za shule, aliifunga utepe mwekundu shingoni asije mtu akadhani ni sharubati. Wifi yake hakuiondolea macho. Alisema dawa iliyotafutwa kwa machozi kiasi kile haitupwi, na mama yao magoti hayampi usingizi. Fundi akamjibu kwamba kaka yake alipandishiwa dozi kidogo kidogo mpaka mwili ukazoea. Kwa mama hiyo ni sumu.

Asubuhi akaitia mkobani, akairudisha hospitali. Weee, walimzungusha kama pia! Wodini wakamtuma famasi, famasi wakamtuma stoo, stoo ina kufuli. Aliporudi famasi, mtoa dawa akamwambia dirishani, bila hata kuinua macho, kuwa dawa ikishatoka hairudi, akaimwage nyumbani. Hasira zikampanda Fundi. Siku za kuichukua, dirisha lilelile lilimhoji kama mwizi: kitambulisho, sahihi, chupa tupu ya mwanzo. Leo anairudisha kwa hiari yake, hakuna aliyemuuliza hata jina. Aimwage wapi, mtaroni wanapochezea watoto? Akarudi nayo, akaifukia chini ya vitambaa kando ya cherehani, akaenda kupeleka sare.

Kuficha kitu kwenye nyumba yenye wifi ni kujidanganya. Aliporudi alimkuta mama mkwe kalala kitini, anakoroma, mara pumzi inapotea, mara inarudi. Alimtikisa, hakuamka. Wifi akaanza kulia kwamba alimpa kijiko kimoja tu, kama cha kaka. Kijiko kimoja tu! Fundi alikuwa na maneno ya kumtosha wifi mwaka mzima, lakini aliyameza, akaitia chupa mkobani, wakambeba mama.

Hospitali walimchoma sindano ya kuizimua ile dawa, wakakaa naye. Jioni mama mkwe alifumbua macho akauliza nani kamvua viatu vyake. Fundi alicheka huku analia. Kisha akajifuta uso, akaenda dirisha lilelile, kwa mtoa dawa yuleyule, akaisimamisha chupa mbele yake.

“Asubuhi nilikuletea chupa ukaikataa,” alisema. “Sasa nimekuletea na mgonjwa. Yupo wodini, ni mama yangu.”

Mtoa dawa akainua macho. Akaivuta chupa ndani, akamuuliza jina.