Miguu Minne ya Kiti

Hadi leo nikiona mguu wa kiti uliokerezwa vizuri, damu inanichemka.

Enzi za Mdachi, reli ilipofika Morogoro, seremala mmoja wa Kidachi alifungua shule ya ufundi karibu na stesheni. Akatangaza kwamba atakayelipa ada na kukaa miaka miwili atatoka fundi kamili. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo aliyenilipia ni mjomba. Aliswaga mbuzi wake wote kutoka mlimani hadi sokoni, akarudi na fimbo tu.

Miaka yote miwili nilikereza miguu. Wengine walikata viegemeo, wengine walipiga randa mbao za kukalia. Tukiomba kubadilishana kazi tulitukanwa, maana maofisa wa boma walikuwa wanangoja viti vyao. Yaani tulimlipa yule mwizi ili tumfanyie kazi! Na mimi, mjinga, nikijisifu kwamba hakuna anayenishinda kwa kasi.

Nilirudi nyumbani na cheti chenye muhuri. Mjomba alikishika kwa mikono miwili, kisha akanitolea mbao za mninga alizokuwa amezitunza darini.

“Mwanangu, nitengenezee kiti. Nimewaalika wazee wa ukoo waje wakione.”

Nikachonga miguu minne, mizuri ajabu. Nikailaza uani, nikaitazama. Sikujua kinachofuata.

Wazee walipofika, mjomba aliwatandikia mkeka, naye akaketi chini pamoja nao, miguu yangu minne ikiwa mbele yake.